Daraja Ambalo Gidamis Hakulivuka

Kila mchana, nikishamaliza kuosha vyombo, nilikuwa nafuta pedi ya gemu kwa pindo la kanga yangu, nawasha televisheni, kisha naiweka pedi mikononi mwa kaka yangu Gidamis. Hatukuwa na maneno mengi. Yeye anajiinua kwenye mto, mimi nakaa sakafuni, mgongo wangu kwenye mbao za kitanda chake. Jumapili moja aliipokea, akaishika kidogo kama mtu anayepima uzito wa kuku, akanirudishia.

"Cheza wewe, Efra. Vidole havitaki."

Figo zilikuwa zimekataa zamani. Miguu ilivimba, chakula kikamshinda, lakini vidole vilikuwa vimebaki vyake. Niliishika pedi ikiwa bado na joto lake. Nje, nilimsikia baba akiongea kwa simu na mwenye gari: kesho alfajiri, ndiyo, hospitali kubwa tena, ndiyo, mgonjwa atalala siti ya nyuma.

"Mwambie baba kesho kutakuwa na tope," Gidamis alisema.

"Mvua haijanyesha, kaka."

"Itanyesha."

Safari iliyotangulia alisema siti ile inanuka petroli. Kabla ya hapo alisema tungoje kwanza maharage yapurwe. Baba alikuwa na jibu kwa kila sababu, na kila safari alimrudisha kaka akiwa mwepesi kuliko alivyomchukua.

Hadithi ya lile gemu tuliijua kabla gemu lenyewe halijafika mjini Katesh. Ilianza kama filamu. Hasani, ambaye kwao wana duka la vitambaa karibu na stendi, alikuwa na kibanda cha video, na kila filamu ilipita mdomoni mwake: alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akatafsiri papo kwa papo, majambazi na mabibi harusi wote wakiongea kwa sauti ya Hasani. Ile ilihusu askari anayemtorosha mdogo wake wa kike kutoka kwenye mji uliotekwa. Siku za mnada tulitoka kwetu Endasak kwa bodaboda moja, mimi katikati, kwenda kuitazama tena. Niliona haya kulia mbele za watu, nikaficha uso kwenye shati la Gidamis. Mwishoni daraja lilipasuka, kioo kikajaa moshi, na Hasani akapaza sauti: "Amevuka! Jamani, mtoto amevuka!" Kibanda kizima kilipiga miluzi. Tulirudi nyumbani kama watu waliotoka kula.

Gemu lilipokuja kibandani kwa Hasani, lilikuwa zuri. Sitalisingizia. Askari alikimbia kama binadamu. Akichoka, unasikia pumzi yake. Mvua ilipopiga mabati ya soko, pedi ilitetemeka mikononi kama kifaranga. Ungeweza kupigana kwa chochote ulichookota: kiti, bomba, mfuniko wa sufuria. Lakini lilikuwa na roho mbaya. Picha ilijificha nyuma ya ukuta wakati uleule adui anapotokea. Yule dada wa askari alisimama mlangoni akaziba njia, ukamsukuma, akarudi palepale. Na ukianguka darajani, lilikurudisha sokoni, kwenye mvua ileile, uanze upya.

Vijana wengine walilikimbia, wakarudi kwenye gemu la mpira. Gidamis alibaki nalo. Kila mara alifika darajani, daraja likapasuka, dada akaning'inia, naye akabana kile kitufe cha kumshika mkono mpaka ukucha ukawa mweupe. Kila mara walianguka wote wawili.

"Diski imekwaruzika," tulisema. Tulijua anavuka. Tulimsikia Hasani kwa masikio yetu.

Kaka alipougua, Hasani aliifunga mashine ya gemu kwenye blanketi, akaileta Endasak kwa pikipiki. "Siku ukilivuka hilo daraja, ndiyo utanirudishia," alisema. Mashine ile iko kwangu mpaka leo, Endagikot, ninakofundisha. Iko ndani ya blanketi lilelile. Hasani hajawahi kuiulizia.

Jumapili ile pia alikuja, ameleta mkate. Alikaa kwenye kigoda akanitazama nikipambana na maadui wa sokoni.

"Wewe Efra, unapigana au unapepeta maharage?"

Gidamis alicheka, kikohozi kikamkatiza. Nilitamani Hasani aseme kingine cha kuchekesha. Nilikimbia, nikagongana na ukuta, nikamsukuma dada mlangoni, na hatimaye tukafika darajani. Likapasuka. Nikabana.

Siku zote zile nilikuwa namtazama Gidamis, sikuwa naangalia kioo. Sasa niliona, chini kabisa ndani ya moshi, neno dogo la Kiingereza likiwaka na kuzimika.

"Pale wameandika nini?" kaka aliuliza. Hata yeye alikuwa analiona kwa mara ya kwanza, kwa kuwa mikono yake haikuwa na kazi.

Chuo cha ualimu kilinifundisha kusimama mbele ya darasa. Mbele ya kitanda kile, sauti yangu ilitoka kama ya mtoto.

"Achia."

"Achia nini?"

"Kitufe. Mkono wake."

Walianguka wote wawili. Mvua ya sokoni ikaanza tena.

"Hasani," Gidamis alisema taratibu. "Kwenye filamu, yule dada alivuka?"

Hasani alivua kofia, akaizungusha magotini. "Kibanda kilikuwa kimejaa watoto. Na huyu hapa amejificha kwenye shati lako, analia. Ningesemaje?"

"Alisema nini pale mwisho?"

"Alimwomba kaka yake amwachie. Mimi nikatafsiri, nishike."

Gidamis alifumba macho, akayafumbua. Kisha akasema, "Rudia, Efra."

Nilirudia. Soko, mlango, daraja. Neno lilipowaka nililiona vizuri kabisa. Kidole changu kilikataa kuinuka. Tulianguka.

Baba aliingia akiwa na kibuyu cha maziwa na majani mabichi ya kunyunyizia baraka, kama alivyofanya jioni ya kuamkia kila safari. Hasani alisimama, akamwamkia, akampisha. Mimi nilipunguza sauti ya mvua.

"Shikamoo, baba," Gidamis alisema.

"Marahaba, mwanangu. Tulia nikubariki. Kesho mapema tunaondoka."

"Baba, usininyunyizie baraka ya safari."

"Kuna nini tena? Tope?" Baba alijaribu kutabasamu, akachovya majani. "Mwenye gari anaijua barabara. Hata mvua ikinyesha, utafika."

Mkono wake ulibaki juu. Maziwa yalidondoka kutoka kwenye majani, yakaangukia blanketi, yakaangukia mkono wa kaka uliokuwa umelala wazi.

"Hakuna tope, baba. Hata petroli hainuki. Nimechoka kupelekwa. Nataka kufia hapa, nikisikia ng'ombe wakirudi."