Mimba ya Zamu

Jumanne asubuhi, katika zahanati moja upande wa Mkunya, Yasmini alimlaza Dominika kitandani, akavuta utepe wa kupimia kutoka kwenye kinena kwenda juu, akakuta tumbo liko bapa. Wiki iliyotangulia lilikuwa sentimita ishirini na nane. Dominika alimwambia asiwe na wasiwasi, mimba ipo, wiki hii anayo Mama Tahiri.

Yasmini alikuwa muuguzi wa utafiti kutoka Masasi. Utafiti wenyewe ulikuwa wa vidonge vya kuzuia watoto kuzaliwa kabla ya wakati. Nusu ya wanawake walipewa dawa, nusu vidonge visivyo na kitu, na si wao wala yeye aliyejua nani kapata nini. Dominika alikuwa amezika watoto wawili, wote wa miezi saba. Ndiyo maana kijijini kwao, ambako kila mwanamke huitwa kwa jina la mwanawe, yeye alibaki kuwa Dominika tu.

Mama Tahiri aliitwa, akaja. Sentimita ishirini na tisa kamili. Alieleza kwamba pampu ya kijiji imekufa mwaka wa tatu sasa, maji yako bondeni, na ule mlima na ndoo kichwani ndio uliowatoa wale watoto wawili wa Dominika. Kwa hiyo wanawake watano wamepanga zamu. Anayebeba mimba habebi ndoo. Wawili wanakaa matumbo yakigusana, wanafungwa kanga moja, mimba inahama, kama wanavyotwishana mizigo njiani. Vidonge hufuata mimba. Aliye nayo ndiye anayemeza. Yasmini alihesabu vilivyobaki, akakuta hesabu iko sawa, havikupungua wala kuzidi.

Bonifasi, mume wa Dominika, alijaribiwa pia. Mimba ilimkataa. Akaambiwa basi achukue ndoo, akasema baiskeli ina pancha. Pancha hiyo ilidumu hadi msimu wa korosho ukaisha.

Daktari Alfredi, mkuu wa utafiti, alikuwa na kanuni moja asiyoilegeza: mshiriki asiye na mimba huondolewa na vidonge hurudishwa. Yasmini alijua, akaogopa. Kwenye fomu ya Dominika aliandika ishirini na tisa.

Wiki ya thelathini na moja kukatokea msiba kijiji cha pili, na msiba haususwi. Wanawake wote wa zamu walikwenda, wakamwachia Dominika mimba yake pamoja na ndoo mbili za kumtosha siku mbili. Msiba ukachukua siku nne. Siku ya nne Yasmini, akiwa kwenye ziara ya kumfuatilia, alimkuta katikati ya mteremko, ndoo imejaa pembeni, ameshika mzizi kwa mikono miwili. Uchungu ulikuwa unakuja kila dakika kumi. Simu haikuwa na mtandao, na zahanati ilikuwa mwendo wa saa nzima kwa aliye mzima.

"Dada Yasmini," alisema, "huyu wa tatu siwezi kumzika. Nitue."

Mtafiti haruhusiwi kuingia ndani ya kitu anachokitafiti. Yasmini mwenyewe ndiye aliyekuwa akiwafundisha wengine hivyo. Alivua koti jeupe, akakaa chini, wakafungana kanga. Mimba ilihama pamoja na uchungu wake. Yasmini hakuwahi kuzaa. Aliuma pindo la kanga na hakusogea. Dominika alijitwika ndoo, akapanda nayo. Aliporudi na wanawake waliotoka msibani, uchungu ulikuwa umekoma.

Yasmini alikaa na mimba wiki mbili. Alikwenda nayo Masasi kwenye kikao, Daktari Alfredi akampongeza, kisha akaendelea na ajenda.

Mtoto alizaliwa na Dominika wiki ya thelathini na nane, kilo tatu na robo, akaitwa Ambrosi. Mara ya kwanza watu walipoita Mama Ambrosi, Dominika hakugeuka. Alipoelewa kwamba ni yeye, alilia mpaka mtoto naye akalia.

Utafiti ulipofungwa, bahasha zenye siri ya nani kapata nini zilifunguliwa. Vidonge vya Dominika vilikuwa visivyo na kitu. Daktari Alfredi aliuliza kilichotokea, na Yasmini akamweleza yote, pamoja na tumbo lake mwenyewe.

"Sikukatalii," daktari alisema. "Lakini sisi hatukutafiti maji."

Akaifuta namba ya Dominika, kwa kuwa ilikuwa inaharibu matokeo.

Ripoti ililetwa kijijini ikiwa na jalada la rangi, mwenyekiti akashukuru. Mkutano ulipokwisha, Mama Ambrosi alimfuata Yasmini, akamwambia kwamba Queen, mkwe wa Mama Tahiri, ana mimba ya miezi minne, na wanatafuta mtu wa sita. Yasmini alitazama kalenda ya simu yake, akamwambia anaweza kuibeba wiki ya pili ya Novemba. Mama Ambrosi akamshukuru, akamkaza mtoto mgongoni, akachukua ndoo, akashuka bondeni.