Ngome Isiyo Yetu

Vumbi lilitangulia. Kabla gari la wapima ardhi halijaonekana, vumbi jekundu lilikuwa limekwisha kupanda kutoka njia ya Mkula, likatanda juu ya majaruba ya mpunga uliovunwa, likasogea kwetu polepole kama mtu mwenye habari mbaya asiye na haraka ya kuisema. Nililitazama likija.

Ewe ngome, wewe ulitulia. Umezoea wanaokuja.

Walikujenga enzi za vita, kwa mawe ya mto na udongo, juu ya kilima kidogo miguuni pa Udzungwa, wakakutoboa matundu membamba ya kumchungulia adui. Wajerumani wakaja, wakapandisha bendera juu yako, wakasema ni yao. Waingereza wakaja, wakafunga mlango wako kwa kufuli, wakasema ni yao. Wote wakaondoka. Kijiji kikakufanya darasa, masika yakashusha paa, watoto wakahamishwa. Popo wakaingia, wao hawakusema neno. Ni ya nani ngome hii? Ni ya nani?

“Ni yetu,” alisema kaka yangu Justin tangu utotoni. Kila Jumapili baada ya misa alipanda kwako na panga, akafyeka vichaka, akarudishia mawe yaliyodondoka. Aliwaambia wanawe kwamba babu yetu wa kale ndiye aliyekujenga, na kijiji kizima kiliamini. Misibani tulipewa viti vya mbele kwa ajili yako.

Mimi nilijua si kweli.

Bibi yetu Theresia aliniambia wiki aliyofariki, mkono wake ndani ya wangu, mkavu kama ganda la muhindi. “Valeria, hatukujenga sisi. Sisi tulikuwa walinzi wa mlango. Wenyewe walikimbia vita, wakavuka mto, wakatuachia tuwatunzie. Wajukuu zao waliporudi, tulinyamaza. Tukawapa kipande cha kujenga pale chini, tukawaita wageni.”

“Wageni gani, bibi?”

“Kina Leticia.”

Leticia, jirani yetu mjane, ambaye nyumba yake ya matofali inakaa ubavuni mwako. Leticia, ambaye kila mavuno alituletea ungo wa mchele mpya, shukrani kwa kuwapokea wazee wake. Miaka kumi na moja niliula mchele ule. Miaka kumi na moja niliumeza pamoja na neno la bibi, na neno lilinikwama.

Sasa hati zilikuwa zinaandikwa. Justin alikuwa amepata mwekezaji aliyetaka kukujengea hoteli pembeni, na katika mpaka aliouonyesha kaka, nyumba ya Leticia ilikuwa ndani.

“Atahama,” alisema. “Tutampa muda afungashe.”

Alisema kwa upole. Upole ule ndio ulionitisha.

Basi vumbi likafika, na gari likafika. Akashuka afisa, binti mmoja aitwaye Omega, kishikwambi mkononi, akazunguka kuta zako pembe kwa pembe, Justin akimtangulia na kumwonyesha. Leticia alisimama nyuma kabisa ya watu, mikono ameikunja kifuani, kama aliyekuja kusikiliza kesi ya mtu mwingine.

“Kuna mwenye pingamizi?” Omega akauliza.

Treni ikalia mbali, upande wa Mang'ula. Nikisema, nampoteza ndugu. Nisiposema, namfukuza mwenye nyumba kutoka kwake. Nikisema. Nisiposema. Ewe ngome, mawe yako yalinitazama kwa yale matundu membamba, nikajiona mimi ndiye adui. Mkono ukapanda. Sikuupandisha; ulipanda.

“Lipo.”

Justin akageuka. “Mdogo wangu, umechanganyikiwa?”

Nikasema yote. Nilisema mpaka mwisho. Nilipomaliza, mzee Agapiti wa baraza la ardhi alijiegemeza kwenye fimbo yake. “Baba yangu alisimulia hivyo hivyo,” alisema. “Nilikuwa nangoja watu wa mlango waseme wenyewe.”

Hati haikuandikwa siku ile. Baraza likakaa mara mbili, wazee wakaitwa hata kutoka Malinyi, na mwisho kilima na ngome vikaandikwa kwa ukoo wa Leticia. Yeye hakushangilia. Alikuja kwangu, akakaa kwenye mkeka.

“Kumbe nilikuwa nawashukuru kwa changu,” alisema. Mwaka ule hakuleta mchele.

Na Justin hakupita mlangoni kwangu. Wiki moja, wiki ya tatu, wiki ya sita. Kanisani alikaa benchi la upande wa pili. Kila kishindo cha nyayo nje kilinishtua: ni yeye? Si yeye. Siku moja asubuhi sikuweza tena. Nilikwenda kwake, nikamkuta ameketi barazani, mikono haina kazi.

“Shikamoo, kaka.”

Jogoo akapita kati yetu. “Marahaba,” akajibu, baada ya muda ambao ningeweza kurudi nyumbani.

Kisha akauliza, bila kuniangalia, “Kwa nini bibi alikwambia wewe, mimi hakuniambia?”

Hilo ndilo nililokuwa naliogopa kuliko baraza, kuliko watu. “Alisema, ‘Justin anaipenda mno ile ngome. Mwambie polepole.’”

“Sasa mbona hukuniambia?”

“Niliogopa. Nimekuwa nikiitafuta hiyo polepole miaka kumi na moja.”

Uso wake ukakunjamana, akaufuta kwa kiganja kama anayefuta jasho. Akasogea, akaacha nafasi barazani.

“Kaa,” alisema. “Niambie sasa. Anza pale alipoanzia bibi.”

Nikakaa, nikaanza.