Mshenga wa Kikombe cha Sonobe

...na hii ndiyo ya kwanza, chupa inainama na hakitoki kitu, mila inataka mshenga ainamishe mara tatu na pombe itoke mara ya tatu tu, kwa hiyo bado nina nafasi mbili za kubaki mtu mwema, mbele yangu vikombe viwili vyeupe juu ya kijimeza, kushoto Hatanaka, kulia Sonobe, wamepiga magoti kama maharusi, na mimi Muroi ndiye ninayewaozesha, hapa tunaita undugu, nusu kwa nusu, kikombe kimoja kikipungua unywele basi mwenye nacho ni mdogo wa mwenzake, na Sonobe akifanywa mdogo mbele ya wanaume arobaini wenye suti nyeusi, amani ya koo mbili itavunjika kabla supu haijaletwa, na atakayelipa si mimi, ni Hatanaka, kwa kukatwa kidole au kwa zaidi ya kidole... unywele mmoja tu, mkono ukiteleza nani atajua, mtu wa miaka hamsini na sita ana haki ya kutetemeka, ila Hatanaka mwenyewe ndiye aliyeniomba, "Kaka Muroi, mwenye mkono mtulivu Amagasaki nzima ni wewe," akasema mbele ya wazee nikose pa kukatalia, kaka, mbele za watu mimi ni kaka... na hapo chini samaki wawili wekundu niliowageuza kwa vijiti waangaliane, tumbo kwa tumbo, mila hiyo pia, hata samaki wa leo ana mwenzake, na ukutani majina yao kwa mwandiko wangu, jina la Hatanaka nililirudia mara nne nikichana karatasi, la Sonobe nikaliandika mara moja bila kujali, likatoka zuri kuliko yote niliyopata kuandika, mshenzi, hata wino unampenda... Nje polisi wawili wamo garini tangu asubuhi wakiorodhesha wanaoingia, yule mnene alishusha kioo, "Mzee Muroi, leo kuna nini?" nikamwambia mkutano mkuu wa wakuza maua, ndivyo nilivyojaza kwenye fomu ya ukumbi, akacheka, "Mwaka jana si mlikuwa wafuga samaki?" "Tumepanuka, afande," na fomu yenyewe ilikuwa na kisanduku kinachouliza kama mwombaji ni mtu wa genge, nikatia alama kwenye hapana, kwa unadhifu, serikali haimwamini mtu lakini kisanduku inakiamini kabisa... Sonobe naye pale ngazini, "Mshenga, usinipunje bwana, nina kiu tangu Jumatatu!" watu wakaangua kicheko, Hatanaka naye akacheka, kile kicheko cha kuziba mdomo kwa mkono kuficha jino lililovunjika, nilidhani kile ni changu peke yangu, na ningeyameza yote hayo, yote, kama si yule samaki mkunga wa jana... tunakula mchana, bakuli la wali na mkunga wa kuchoma, na Sonobe, bila kuombwa, huku akizungumzia mbio za boti, akaubandua mkunga wa Hatanaka ngozi kwa kijiti, akaila yeye, akamsogezea nyama, na Hatanaka hakushtuka, alikula tu... nani alimwambia kwamba Hatanaka hali ngozi, ni siri ya mtu mzima, anaona aibu nayo, mimi ilinichukua miaka mitatu kuijua na wa nne kuruhusiwa kuibandua, huyu ana miezi miwili...

Ya pili. Chupa inainama, inainuka, hakitoki kitu, Mzee Iwasada anakohoa kule mbele, kikohozi cha bosi ni amri, "Taratibu, Muroi, hatumwagilii maua," ananong'ona, wawili watatu wanauma midomo wasicheke, na mimi niko mbali, niko kwenye chumba kilichokuwa juu ya duka la dobi, baridi ya miaka minane iliyopita, namkausha Hatanaka mgongo kwa taulo, tunaoga ndani kwa zamu maana hamamu zote zimebandika mlangoni picha ya joka lililopigwa mstari, wenye michoro mgongoni kama sisi hawaingii, nikasema kama mzaha, "Na sisi tunywe, mimi na wewe, nusu kwa nusu," akaugeukia ukuta, "Na wewe siwezi," na hayo maneno matatu nimeyabeba miaka minane kama risasi ambayo daktari ameona heri iachwe humo humo, nayapapasa kila mvua ikinyesha... lakini hayakuwa matatu, Muroi, sema kweli leo, aliendelea, nilimsikia vizuri, "Kikombe anatoa Mzee, na Mzee akitaka anakirudisha. Siku akiniambia nikuue, ndugu anaua. Kwako sitaki kitu cha kurudishwa," nami nikamtupia taulo, "Visingizio vya mlevi," nikavaa koti nikatoka, nikabaki na yale matatu kwa sababu ndiyo yaliyouma, na mtu hutunza kinachouma... Namtazama Sonobe, ana jeraha dogo la wembe chini ya sikio, amejinyoa kwa papara, hatazami kikombe, anamtazama Hatanaka, ah, naijua ile sura, niliivaa mimi, anadhani leo ndiyo siku yake, na Mzee akibadili nia mwakani kikombe kitarudi kikiwa kimefungwa kwa karatasi, na mmojawao atatumwa kwa mwenzake usiku... mimi sina cha kurudisha, sikupewa kitu hata tone, miaka kumi na miwili bila kikombe, bila jina ukutani, bila kisanduku chochote cha kutia alama... lakini ngozi ya mkunga sijaisamehe, hiyo nitaiuliza, leo leo nitaiuliza, "Muroi," Hatanaka anasema bila kufungua midomo, si kaka, Muroi tu, kwa sauti ya kule juu kwa dobi, "sawasawa," na shingo ya chupa iko juu ya kikombe cha Sonobe, inainama kwa mara ya tatu, tone limejaa mdomoni halijadondoka, nitammiminia nusu yake kamili, hata unywele sitampunja, maskini, ndiyo yote atakayopata.