Paa Kabla ya Alasiri

Mama Pindo alikuwa anageuza kola ya sare ya muuguzi, mguu unakanyaga cherehani taratibu, mama mkwe wake alipopaza sauti kutoka kitandani.

"Nyamazisha hiyo mashine! Wanasoma hali ya hewa."

Mguu ukasimama. Chumbani humo cherehani ilinyamazishwa kwa mambo mawili tu, msiba na hali ya hewa. Tangu goti lilipomgomea, bibi alikuwa hatoki nje bila kushikwa mkono, lakini hakuna wingu lililopita ukanda wote wa pwani bila yeye kupata habari zake. Alimwita msomaji wa redio "mwanangu", na siku binti huyo akisoma kwa mafua, bibi alimpa pole kwa sauti kana kwamba wamekaa mkeka mmoja.

Mwanawe huyo wa redio alisema joto la ukanda wa pwani litaendelea kuwa kali asubuhi, mawingu yatakusanyika mchana, na kuanzia alasiri itanyesha mvua kubwa yenye ngurumo, itakayoendelea hadi mwisho wa wiki.

"Umesikia? Alasiri," bibi alisema. "Anua nguo mapema."

Mama Pindo hajafungua mdomo, juu ya vichwa vyao kitu kikalia kwiii, kama msumari unaong'olewa bila ridhaa yake. Kikafuata kishindo, bati likaburuzwa, na jua likaanguka sakafuni upana wa mlango. Wakatazama juu. Pale palipokuwa na paa palikuwa na uso wa mwanamume mwenye misumari mdomoni.

"Samahanini," uso ukasema, ukatoweka.

Nyumba yenyewe ilikuwa ndefu, vyumba vimepangana chini ya paa moja, na upande wa barabarani kinyozi mmoja alikuwa akiishi na kunyoa humohumo. Mama Pindo alipotoka nje alikuta ngazi imeegemezwa ukutani, fundi mzee wa mabati na mwenzake wako juu, na mabati ya chumba chake yanashushwa moja baada ya jingine.

"Shikamoo, fundi. Mbona mnatuvua nguo hadharani?"

"Marahaba. Mwenye nyumba kaagiza. Ukarabati."

"Mabati mapya yako wapi?"

Fundi akatazama kushoto, akatazama kulia, kama mtu aliyedhani yapo mahali fulani. "Hayo sijaambiwa, binti. Mimi nimeambiwa nitoe."

Hapo Mama Pindo akaelewa. Wiki iliyopita mwenye nyumba alikuja na wanaume wawili wenye futi ya kupimia. Walipima vyumba vyote bila kumsalimu mtu, mmoja akasema palikuwa panafaa kabisa kuwa ghala. Tangu hapo mwenye nyumba akawa mpole mno, jambo ambalo lilimtia Mama Pindo wasiwasi kuliko ukali wake wote. Alimpigia simu.

"Ni kwa usalama wenu, dada yangu," mwenye nyumba alisema kwa sauti ya asali. "Hameni kwa muda. Mambo yakikaa sawa nitawaita."

"Mvua inakuja leo. Nina mama mgonjwa na sare za zahanati nzima mezani."

"Ndiyo maana nakwambia mhame mapema," akajibu, akakata.

Alijifunga kanga kiunoni, akaenda ofisi ya mtaa. Afisa alikuwa ameegemea kiti, shati amelifungua vifungo vya juu, anajipepea kwa jalada tupu. Alimsikiliza hadi mwisho. Hilo lilikuwa jema, ila macho yake yalionyesha kwamba jibu alikuwa nalo tangu mwanzo.

"Mwenye nyumba kutoa paa lake si kosa," alisema. "Na nyumba isiyo na paa, kwa taratibu zetu, haikaliki. Kashaniomba nije alasiri nithibitishe. Nikikuta haina paa, mnahama."

"Hata kama kalitoa makusudi tuhame?"

"Taratibu haziulizi makusudi, mama. Zinaangalia kama paa lipo au halipo."

Mama Pindo alikuwa ameshafika mlangoni alipogeuka. "Na ukilikuta lipo?"

Afisa akaacha kujipepea. "Likiwepo ni makazi. Nitawatoaje?"

Njia nzima ya kurudi alitembea kama mtu aliyeitwa na chungu kinachoungua. Mawingu yalikuwa yameanza kupandana upande wa baharini, na jasho lilimtiririka hadi kwenye visigino. Kinyozi alikuwa nje, mashine mkononi, anabishana na mafundi. Nyuma yake alisimama mteja mwenye shuka shingoni, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado.

"Fundi," Mama Pindo aliita juu. "Umeambiwa utoe. Kuna aliyekuambia uzuie watu wasirudishe?"

Mzee akafikiri, akatafuna swali hilo polepole. "La. Hilo hakuna aliyelisema."

Akashuka, mwenzake nyuma yake, akajikung'uta vumbi magotini. Akasema, kwa sauti ya kusikika na majirani, kwamba kazi imekwisha na wao wanakwenda kunywa chai. "Ngazi hii nzito sana, siwezi kutembea nayo. Na nyundo pia zinanichosha. Misumari ndiyo kabisa."

Kinyozi alimtazama Mama Pindo. Mama Pindo akamtazama kinyozi.

"Shemeji, mimi urefu wa kiti tu unanitia kizunguzungu," kinyozi alisema.

"Basi usiangalie chini. Panda."

Alivaa suruali ya mumewe, ambaye alikuwa safarini na lori, na akapanda mbele. Mteja wa nusu kichwa aliinua mabati kutoka chini, shuka likipepea shingoni, na alipoulizwa kama hana haraka alisema, "Nitaenda wapi na kichwa hiki?" Bibi akatolewa na kitanda chake kizima hadi uani, redio kifuani, awe msimamizi.

"Mwanangu anasema ngurumo zimeshafika mji wa jirani!" alitangaza. "Chapeni kazi!"

Walichapa kazi. Kinyozi alipiga msumari, msumari ukapinda; akapiga mwingine, akapiga kidole, akasema neno ambalo bibi alijifanya hakulisikia. Bati la kwanza lilikaa kombo, la pili likafuata kombo la mwenzake. Mafundi walirudi na vikombe vyao vya chai, wakakaa juu ya jiwe kutazama. Mzee alivumilia kadiri alivyoweza.

"Mimi simo," hatimaye aliuambia upepo. "Naongea peke yangu tu. Msumari hupigwa mgongoni mwa bati, haupigwi bondeni. Ukipiga bondeni unayakaribisha maji."

"Umechelewa kuongea peke yako!" Mama Pindo alimjibu toka juu, na ua mzima ukacheka, mzee naye akacheka hadi chai ikamwagika.

Tone la kwanza lilimpiga kinyozi utosini wakati msumari wa mwisho unazama. Walishuka mbio, wakamwingiza bibi na kitanda chake, mafundi nao wakakimbilia humohumo, na mvua ikaanguka kwa kishindo kama kokoto zinazomwagwa kutoka kwenye lori.

Mwenye nyumba na afisa walifika wamejibana chini ya mwavuli mmoja. Mwenye nyumba alitazama juu, akatazama tena.

"Hili ni paa gani? Limepinda lote!"

Afisa alinyoosha shingo, akalikagua kwa makini. "Limepinda," alikubali. "Lakini lipo. Taratibu hazikutaja kunyooka."

"Haya, msisimame huko nje," bibi aliita. "Ingia, baba, utalowa. Nyumba ni yako."

Palikuwa na viti viwili. Afisa akawahi cha pembeni. Mwenye nyumba akakaa cha katikati, chini ya mabati aliyoyapigilia kinyozi, na hapo hapo maji yakamdondokea begani. Akasogea. Yakamdondokea upande wa pili. Nyuma yake tu ndipo ulipokuwa mzigo wa sare nyeupe, zimekunjwa vizuri, tayari kuchukuliwa.

Mama Pindo alimwekea beseni mapajani.

"Likamate vizuri, mzee, maji yasirukie sare," alisema, akarudi kwenye cherehani yake na kola iliyokuwa inamngoja.

Mwenye nyumba akamtazama afisa, ambaye alikuwa ametafuta jambo la kuangalia dirishani. Akalikamata beseni kwa mikono miwili.