Vikombe vya Dua

Kaltumi hakuwa mwalimu. Nililisema hilo mtaa mzima wa Kisenyi mpaka koo likanikauka, na nani alinisikiliza? Mimi Rukiah nilikuwa nikifundisha watoto wadogo barazani kwangu tangu kabla ya hawa wanajeshi kushika nchi. Watoto mkekani, kijiti mkononi, tunaimba hesabu mpaka mia kama tunavyoimba alifu, be, te. Halafu huyu jirani, Mnubi msuka vikapu, akaanza kukusanya watoto uani kwake. Anawafundisha nini? Michezo! Wanapanga miyaa ya rangi, wanapima mchanga kwa vikopo, wanacheza foleni ya sukari. Banange, jamani, foleni! Sisi wakubwa tunasukumwa na vitako vya bunduki kwenye hiyo foleni, wao wanaichekea.

Nikasema kipya kinyemi ingawa kidonda, watarudi. Hawakurudi. Wivu ulinikaba, sifichi. Kila kicheko kilichoruka ukuta uliotutenganisha nilikisikia kama masimango. Mwishowe akanibakia mmoja tu, mjukuu wangu Nusura, na huyo niliapa Kaltumi hampati.

Lakini mwanangu Farouk, baba yake, alikuwa ameshaanza kunisumbua. "Mama, mtoto amenyong'onyea. Mwache akacheze na wenzake."

"Ngoja dua ya marehemu baba yako," nikamwambia. "Wageni wakifika utaona mtoto wa nani anajua."

Siku ya dua, kisomo kilipokwisha, nikamsimamisha Nusura mbele ya watu. Kaltumi naye alikuwepo, amejitanda gurbaba, shuka yake ya Kinubi, anatabasamu tu. Huwezi kuacha kumwalika jirani. Nusura akahesabu moja mpaka mia bila kumeza mate. Shehe Uthman akasema mashallah. Nikamtupia Kaltumi jicho. Raha niliyoipata!

Wageni walikuwa sita. "Haya, mke mwenzangu," nikamwambia Nusura, "waletee wageni vikombe sita."

Akarudi na vitatu. Nikamrudisha. Akaja na sinia limejaa.

"Nimesema sita! Hesabu!"

Akaweka kidole kwenye kikombe, akaanza kuimba. Moja, mbili, tatu, kidole kinaruka ovyo, akaipita sita, akaipita ishirini, macho yote kwangu akingoja nimsifu. Wimbo aliujua. Sita hakuijua. Mgeni mmoja akacheka, nami nikainua mkono nimpige mtoto.

"Niachie mimi, Bi Rukiah," Kaltumi akasema, akachutama karibu naye. "Nusura, tucheze arusi. Shehe ndiye bwana arusi, ana kiu. Kikombe chake kiko wapi?"

Nusura akampa.

"Na huyu je? Atanuna huyu!"

Akampa na huyu, huku anacheka. Kwangu mtoto yule hakuwahi kucheka kwenye hesabu. Akauzunguka mkeka, kila mgeni na chake, vilivyobaki akavirudisha jikoni mwenyewe bila kutumwa.

"Tumewapa wangapi?" Kaltumi akamuuliza.

Akawagusa magoti mmoja mmoja, taratibu. "Sita," akasema. Kisha akanigeukia na kupiga kelele, "Bibi, ni sita!"

Birika lilikuwa hata halijachemka. Mimi nimehangaika naye mwaka mzima, yeye birika halijachemka! Ningeweza kumrarua. Farouk akamtazama Kaltumi, akaitikia kwa kichwa, na hapo nikajua ameshaamua mtoto aende kwake.

Asubuhi yake nilimpeleka mwenyewe. Sikutaka Kaltumi aje kumchukua kwangu kama anayechukua mali yake. Nilimshika mkono kwa nguvu, nikamwambia akionewa, akichoka, akitaka chai, aite tu, Bibi yuko upande wa pili wa ukuta. Uani watoto walikuwa wanajenga stendi ya teksi kwa matofali mabovu, wanagombana nani awe utingo. Nusura akauchomoa mkono wake, akakimbia.

"Karibu ndani, Bi Rukiah, karibu tukae," Kaltumi akasema, kwa heshima zote.

"Nina kazi nyingi," nikamjibu. Kazi gani? Baraza langu lilikuwa tupu.

Nilisimama pale pale mlangoni nikingoja mtoto ageuke aniangalie, hata kidogo tu. Lori la askari likasikika linakuja barabarani, Kaltumi akaufunga mlango haraka kuwakinga watoto, mimi nikabaki nje. Nusura alikuwa hajageuka.