Meza ya Sangara

Wilhelmina alianza kugombana na kiuno chake mwaka wa pili tangu kiwanda cha minofu kifunguliwe ufukweni, upande wa Kirumba. Ndizo zilikuwa enzi za ruksa: mwenye mtaji ruksa kufungua kiwanda, sangara ruksa kupanda ndege kwenda Ulaya, na sisi wa Mwanza ruksa kubaki na mapanki, yaani kichwa na mifupa, nyama ikishasafiri.

Mtaani Kiseke walimwita Mama Kija. Kazi yake ilikuwa kukata minofu, akisimama kutwa nzima. Alikuwa mrefu, kama watu wote wa kwao Kisesa, na meza ya kiwandani ilimkomea mapajani. Mwenzake wa meza moja, Modesta, alikuwa mfupi, alikata samaki wake kwa raha zake. Wilhelmina alikunjika kama mtu aliyeangusha sindano na haioni.

Tiba ya kwanza ilikuwa ya nyumbani. Alilala kifudifudi mkekani ili akanyagwe mgongo, kama walivyofanya kwao siku zote. Ila kwao waliokanyaga walikuwa watoto. Kija alikuwa shule ya bweni, kwa hiyo akapanda baba yake, Nkwabi, mbeba magunia ya pamba.

"Shuka, baba Kija."

"Bado sijafika kiunoni."

"Ukifika huko utakuta nimeshakufa."

Baada ya hapo akashindwa hata kufunga kamba za viatu. Ndipo Modesta alipomwelekeza kwa Dipti, binti wa Pankaj mwuza vitambaa. Dipti alikuwa amesomea ng'ambo kutibu uti wa mgongo kwa mikono, na sasa alitibu watu katika chumba cha nyuma ya duka la baba yake. Mtaani walimwita Mvunja Mifupa, kwa sababu mgonjwa akinyooshwa mlio ulisikika hadi dukani, na wanunuzi wa kanga wakatazamana.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, daktari. Usinivunje."

Dipti alipitisha vidole gumba kandokando ya uti wa mgongo, taratibu, kama anayetafuta kitu mfukoni mwa mtu aliyelala.

"Mifupa yako mizima. Tatizo ni misuli inayoushikilia uti. Kuinama kutwa kumeichosha, imekaza kama kamba ya kufungia ng'ombe. Nani alikutibu kabla yangu?"

"Mume wangu. Alinikanyaga."

"Ana uzito gani?"

"Wa gunia la pamba. Lililonyeshewa."

Dipti alicheka, kisha akaacha kucheka. "Mwambie akitamani kukanyaga, akanyage baiskeli."

Alimlaza ubavu, akamkunja goti, akasukuma mara moja. Ko! Wilhelmina aliinuka akajiona kama ametuliwa mzigo. Akafundishwa pia mazoezi: alale chali, akunje magoti, ainue nyonga polepole, ashushe, kila asubuhi, ili misuli ipate nguvu. Akayafanya kwa bidii. Jumapili alikwenda kanisani amenyooka. Jumatatu, kabla ya chakula cha mchana, meza ilikuwa imemkunja tena.

Aliporudi kwa mara nyingine, Dipti alishika kiuno chake mwenyewe. "Mama, mimi nanyoosha, meza inakunja. Hapa hakuna dawa. Meza iinuliwe, la sivyo itafika siku hutaweza kunyanyua hata ndoo ya maji."

Wilhelmina akamwendea Pius, msimamizi wa zamu.

"Meza zimetengenezwa na watu waliosoma," alisema Pius. "Meza haina kosa. Wewe ndiye uliyezidi urefu."

"Kwa hiyo nikatwe miguu?"

"Sijasema hivyo. Ila wafupi wamejaa getini wanasubiri nafasi."

Kesho yake Wilhelmina akaja na matofali, akayaweka chini ya miguu ya meza upande wake. Pius akaamuru yatolewe: matofali ni uchafu, yatamdhuru samaki.

"Samaki amekufa tangu jana, bwana Pius. Anayedhurika ni mimi."

Yakatolewa, yakatupwa nyuma ya jengo. Hasira haikumtoka mpaka jioni. Maana sangara alikuwa na barafu yake, na mtu wa koti jeupe wa kumpima joto kila asubuhi. Mkata minofu akiugua alipewa vidonge viwili vya kutuliza maumivu na kutazamwa kama mwizi, kana kwamba maumivu ameyaiba stoo.

Kisha wakaja wageni kutoka Ulaya, wanunuzi wa minofu. Sakafu ikasuguliwa, Pius akavaa tai. Mgeni mmoja, mama wa miwani, akasimama mbele ya meza yao. Wilhelmina alikuwa ameinama, kiuno kinawaka, jasho limemjaa kwenye paji la uso. Alihisi tone likiteremka. Mkono wa kulifuta alikuwa nao. Akaliacha. Likadondoka katikati ya mnofu.

Mgeni akapiga kelele kama ameona nyoka. Akauliza, na Pius akatafsiri: kwa nini uso wa huyu mwanamke uko karibu hivyo na samaki?

"Meza ni fupi," alisema Wilhelmina.

Wiki haikuisha. Mafundi wakaja na mashine ya kuchomelea, wakarefusha miguu ya meza zote. Pius akatoa hotuba kwamba kiwanda kinawajali wafanyakazi wake.

"Kumbe walikusikia," alisema Dipti aliporudi kutibiwa, akimpapasa mgongo.

"Mimi? Nimesema mpaka nimekauka. Walimsikia sangara."

Lakini sasa meza ilimfika Modesta kifuani, akawa anakata mikono juu, mabega yamemkaa masikioni. Wilhelmina akaenda nyuma ya jengo, akayaokota matofali yake, akayaosha, akayapanga chini ya miguu ya mwenzake. Pius akaja mbio.

"Haya tena?"

"Ni kwa ajili ya samaki, bwana Pius. Huyu asipopanda, kidevu kitagusa mnofu."

Pius alimtazama Modesta, akatazama mlango waliotokea wale wageni. Akaenda zake. Wilhelmina akachukua kisu, akasimama wima, akaanza kukata, na hasira yake haikuwa imepungua hata kidogo.