Kitanda cha Bibi Anselma Chini ya Mzabibu

Kila Pasaka watu wa St. Croix, kisiwa cha Karibi, huhama nyumba zao na kwenda kuishi ufukweni, mwendo wa nusu saa kwa gari, wakiwa wamebeba kila kitu isipokuwa kuta. Majiko huenda, majokofu huenda, jenereta huenda. Ukiwauliza kwa nini wasilale tu nyumbani, watakuona umepungukiwa.

Jumapili ya Matawi, baada ya ibada, ukoo wa Bibi Anselma ulikaa barazani kwake kupanga safari. Bibi alikuwa kitini na nyonga yake mbovu, akisikiliza watu wakimpanga kama sufuria isiyojulikana iingie boksi gani.

"Mama atabaki kwa jirani yake Bi. Ottley kuanzia Jumatano," alisema Delita, binti yake mkubwa, aliyezaliwa kuamuru. "Chini hawezi kulala. Akilala hainuki."

"Nipo hapa, nasikia."

"Tunajua upo, Mama. Ndiyo maana tunakusema taratibu."

Walicheka. Bibi naye alicheka, lakini moyoni ilimchoma. Marehemu mumewe alimposa chini ya mzabibu wa pwani, ule mti wa ufukweni wenye majani mapana na kivuli kizito, na wanawe wote walijifunza kuogelea mbele ya mti huo. Pasaka bila bahari, kwake, ilikuwa kuzikwa kabla ya siku zake.

"Na nafasi ataishika nani?" aliuliza Ulric, mwanawe wa mwisho.

Ufukweni nafasi haishikwi kwa kamba wala turubai, hushikwa na mtu. Atakayekuwa wa kwanza kukaa chini ya mti siku ya Jumatano, mti ni wake mpaka sikukuu iishe. Mwaka huu wote walikuwa kazini Jumatano, na Conrad Heyliger, aliyeumezea mate mzabibu ule tangu ujana, alikuwa amestaafu na ana lori.

"Mimi sina kazi," alisema Bibi.

"Mama, tunaongea mambo ya maana."

Nyonga ndiyo iliyokuwa mbovu, si akili.

Jumatano asubuhi lori la Heyliger lilitokea limesheheni mahema na wanawe wawili juu. Bibi alikuwa kando ya barabara, kainua fimbo.

"Shikamoo, Bi. Anselma."

"Marahaba, Conrad. Kitanda changu kimoja kitaenea?"

"Kinakwenda wapi?"

"Njia yako hiyo hiyo. Nitakuonyesha pa kushusha."

Heyliger alifundishwa katekisimu na bibi huyu, na sikio lake la kushoto lilikuwa bado linaikumbuka mikono yake. Angemkatalia vipi? Wakabeba kitanda cha chuma, godoro, chandarua na mito. Bi. Ottley, aliyeapishwa kutomwambia mtu, aliwapungia mkono dirishani akijikaza asicheke.

"Hapo," alisema Bibi walipofika, akiuelekezea mzabibu fimbo.

Heyliger alikishusha kitanda kwa uangalifu, hata akaweka jiwe chini ya mguu mmoja kisiyumbe. Bibi akavua viatu, akapanda, akajinyoosha. Ndipo mzee wa watu akautazama mti, akatazama kitanda, akajitazama mwenyewe.

"Bi. Anselma, umenifanya nini?"

"Umejifanya mwenyewe, mwanangu. Mimi nimelala tu."

Heyliger akacheka mpaka akakaa mchangani. Alipiga mahema yake jirani, na jioni akamletea supu ya kunde.

Alhamisi wanawe walifika wamenuna, wakijua mti umekwenda. Wakamkuta mama yao kaketi kitandani katikati ya kivuli, miguu imejaa mchanga, anatafuna mkate wa kukaanga. Furaha ilimjaa Bibi, lakini uso aliukaza.

"Kaeni, tupange," alisema. "Jiko liende kule, moshi usinifuate. Ulric, jenereta iweke mbali, nina usingizi wa kulala. Na Delita..." Alimtazama binti yake, aliyekumbatia mkeka wake. "Tumekufikiria sana. Mgongo wako na ardhi haviivi. Wewe utabaki kwa Bi. Ottley."

Delita akautupa mkeka, akavua viatu, akapanda kitandani kama alivyokuwa akipanda utotoni.

"Sogea, Mama," alisema, na sauti ilikuwa imelowa machozi.

Bibi akasogea.